Toka Cité Albert mpaka Komine ya Kamalondo: Historia ya utawala wa karibu katika mji wa Lubumbashi

Ukikutana na mtu wa Lubumbashi katika ugeni, ikiwa Kinshasa, Ndola ao Bruxelles, mara nyingi hautaanza kwa kumwuliza kabila yake. Utamwuliza: "Weye ulikomalia komine gani?" Akijibu Kenya, Katuba ao Kamalondo, utaongeza: "Avenyu gani?" Toka pale mazungumzo yanafunguka, kwa sababu sasa munajuana. Komine na avenyu zimekuwa kwetu sawa vile kijiji na ukoo vilivyokuwa kwa babu zetu.

Lakini wengi kati yetu hatujui komine hizo zilitoka wapi, nani alizitawala, na kwa faida ya nani. Tunajua majina ya wafalme wa Baluba na Balunda, tunajua habari ya Msiri wa Bunkeya, lakini historia ya avenyu tunayokaa inatupita. Katika masomo haya mafupi tutaifuata historia hiyo, tukichukua Kamalondo kuwa mfano wetu mkubwa, kwani ndiyo iliyo mzee kuliko cité zote za watu weusi zinazosimama mpaka leo katika mji huu. Swali letu ni moja: yule anayetawala karibu na mlango wetu, anajibu kwa nani? Kwa wale walio juu yake, ao kwa wale wanaokaa katika parsele?

Udongo na wenye udongo

Mbele ya mwaka 1910 hapakuwa mji hapa. Palikuwa mto Lubumbashi, pori ya miombo, vichuguu virefu na vijiji vya Balamba. Udongo huu ulikuwa chini ya ukubwa wa shefu Kaponda, na mpaka leo chefferie ya Kaponda ingaliko, inapakana na mji wetu. Watu wa inchi hii walijua shaba zamani sana. Waliichimba, wakaiyeyusha, wakatengeneza ile misalaba midogo ya shaba iliyofanya biashara mpaka mbali. Kwa hiyo tusiseme kwamba shaba ilivumbuliwa na wazungu. Wazungu waliikuta ikiwa na wenyewe.

Tarehe 20 ya mwezi wa 12 mwaka 1891 Msiri aliuawa Bunkeya, na Katanga ikaingia chini ya Léopold wa Pili. Mwaka 1900 kukaundwa Comité Spécial du Katanga, ile inayojulikana kwa herufi CSK. CSK ilikuwa kitu cha ajabu: ilikuwa kampuni yenye kugawa udongo, na wakati uleule ilikuwa serikali yenye polisi. Kisha, mwaka 1906, Union Minière du Haut-Katanga ikazaliwa. Mwaka 1910 Leta ya Ubelgiji ikachukua utawala mikononi mwa CSK, lakini udongo ukabaki kwa CSK. Ule mwaka wa 1910 reli ikafika toka upande wa Rhodesia, na Emile Wangermée, aliyetawala Katanga, akachora mji mpya karibu na mgodi wa Étoile. Ukapewa jina la malkia wa Wabelgiji: Elisabethville. Mwaka uliofuata, 1911, kiwanda cha kuyeyusha shaba kikaanza kutumika kando ya mto.

Hapa kuna jambo la kushika vizuri, maana yote mengine yanatoka humo. Udongo wa mji ulikatwa toka udongo wa shefu. Ng'ambo ile, katika chefferie, Wabelgiji walikubali kwamba mtu ana shefu wake na desturi yake. Upande huu, katika mji, hakuna shefu wa desturi. Basi yule mtu aliyetoka Kasai, Lomami, Luapula ao Rwanda kuja kutumika hapa, alikuwa mtu wa nani? Kwa miaka mingi jibu la Leta lilikuwa fupi: alikuwa mtu wa kazi yake. Kazi ikiisha, arudi kwao.

Mji wa pande mbili

Toka mwanzo mji uligawanywa. Wazungu walikaa katikati, katika avenyu pana zilizonyooka. Watu weusi waliwekwa pembeni. Boyi aliruhusiwa kulala nyuma ya nyumba ya bwana wake, lakini wengine walipaswa kuwa na mahali pao. Cité ya kwanza ilionekana kuwa karibu mno na wazungu. Waganga wa Leta walisema malaria inaletwa na mbu wanaotoka kwa watu weusi, na kwamba ni lazima kuacha pori tupu katikati. Eneo hilo waliliita zone neutre. Mwaka 1921 kukaanzishwa cité mpya ng'ambo ya eneo hilo tupu, nayo ikapewa jina la mfalme: Cité Albert. Ndiyo Kamalondo ya leo. Jina hili la Kamalondo linajulikana pia kule Upemba, katika bonde la mto Lualaba.

Cité Albert ilipangwa sawa daftari: avenyu zilizonyooka, parsele zenye namba, nyumba ndogo. Mtu hakuwa na haki ya kukaa mule bila mukanda. Usiku ulikuwa na saa yake. Ikipita, ole wako ukikutwa katika mji wa wazungu bila barua ya bwana wako. Juu ya cité alikuwa mzungu wa Leta, na chini yake polisi na mashefu weusi waliochaguliwa na yule mzungu mwenyewe. Kazi yao ilikuwa kuhesabu watu, kukusanya kodi, kupeleka wagonjwa, na kuonyesha nani anakaa bila kazi.

Historia ya maisha hayo tunayo katika Kiswahili chetu wenyewe, nasi tunapaswa kujivuna kwayo. Mwaka 1965 kikundi cha wazee waliokuwa boyi kilitoa kitabu kinachoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichokusanywa na André Yav. Kitabu hicho kinaeleza mji ulivyoonekana toka jikoni na toka cité, si toka biro ya gavana. Mwaka 1990 mwalimu Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu chetu, alikitoa upya pamoja na maelezo. Wazee wale hawakuwa na diploma kubwa, lakini walielewa kwamba mji bila historia yake ni sawa kambi tu.

Serikali tatu

Wataalamu wa historia wanasema koloni ilisimama juu ya nguzo tatu: Leta, kampuni na misioni. Katika Elisabethville kila moja ya nguzo hizo ilikuwa na mahali pake pa kutawala.

Leta ilitawala cité. Kampuni ilitawala kambi. Mtumikaji wa Union Minière hakukaa Cité Albert. Alikaa katika kambi ya kampuni, ambako mkubwa wa kambi aligawa nyumba, posho, dawa na masomo ya watoto. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliona kuleta watu wapya kila mara ni hasara, ikaanza kuwashika watumikaji pamoja na wake zao kwa miaka mingi. Kambi ikawa na hospitali, masomo, na mchezo wa mpira. Lakini ndani yake hapakuwa baraza la kusemea shida. Lilionekana wazi jambo hilo tarehe 9 ya mwezi wa 12 mwaka 1941. Watumikaji waligoma wakitaka mshahara kupandishwa kwa sababu vita ilikuwa imepandisha bei. Walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha kambi ya Lubumbashi. Gavana Maron alikuja na askari. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, akauawa pale, na makumi ya watu pamoja naye. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliyachora mauaji hayo katika miaka ya 1970, na hivyo hata vijana ambao hawakusoma vitabu waliyajua.

Nguzo ya tatu ni misioni. Mwaka 1910 Roma iliunda prefektura ya Katanga na kuikabidhi kwa mapadri Wabenediktini. Mkubwa wao, Jean-Félix de Hemptinne, aliongoza mpaka kufa kwake mwaka 1958, miaka karibu 48! Wasalesiani nao walifika mwaka 1911. Wamethodisti na Waprotestanti wengine walijenga makanisa yao vilevile. Tusisahau kwamba misioni ilikuwa na mkono katika mkono na Leta. Monsinyori de Hemptinne alikuwa mtu mwenye nguvu ya kisiasa, na wagomaji wa 1941 hawakumkuta upande wao.

Lakini parokia ilifanya pia kitu ambacho cité na kambi hazikufanya: iliandika watu. Katika kitabu cha ubatizo mtu alikuwa na jina, jina la baba, jina la mama, na mashahidi. Aliyekuwa namba katika kambi alikuwa mtu kamili katika kitabu cha padri. Hata leo wako wazee ambao karatasi yao ya kwanza, na pengine ya pekee, ni ile ya ubatizo. Toka masomo ya mapadri wakatoka waandishi, walimu, waimbaji na wachezaji. Timu tunayoijua leo kwa jina la Tout Puissant Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na Wabenediktini kwa ajili ya wanafunzi wao, ikiitwa wakati ule Saint-Georges. Tangu mwaka 2011 ina kiwanja chake palepale Kamalondo.

Serikali ya watu wenyewe

Zaidi ya nguzo zile tatu kulikuwa na ya nne, ambayo haikuandikwa katika sheria. Watu wenyewe walijitawala. Hapa ndipo desturi inapoingia, na hapa ndipo kikundi cha utamaduni kama chetu kina neno la kusema.

Katika miaka ya 1920 ngoma ya mbeni ilifika Elisabethville, ikitoka Afrika ya mashariki pamoja na vita ya kwanza ya dunia. Wachezaji walivaa vizuri, walitembea sawa askari, nao walikuwa na "mfalme", "gavana" na "daktari" wao. Wazungu wengine walicheka, wengine waliogopa, wakituma polisi kupeleleza. Lakini chini ya ngoma mulikuwa kazi kubwa: mwanachama akigonjwa anatembelewa, akikosa kazi anasaidiwa, akifa anazikwa kwa heshima. Katika mji ambamo mtu hana ukoo, mbeni ilikuwa ukoo.

Kisha vikafuata vikundi vya watu wa sehemu moja: watu wa Kasai na wenzao, watu wa Lomami na wenzao, watu wa Luapula, watu wa Maniema. Na ndani ya avenyu watu wa kabila mbalimbali walijifunza kushiriki likelemba, kusaidiana katika kilio, na kusuluhisha magomvi ya bibi na bwana mbele ya kwenda polisi. Mzee aliyeheshimiwa katika avenyu alikuwa hakimu bila kuapishwa. Lugha ya kazi hiyo yote ilikuwa Kiswahili, kile chetu cha Lubumbashi, ambacho hakikuwa mali ya kabila moja, na kwa hiyo kiliweza kuwa cha wote.

Nje ya desturi

Leta iliona kwamba cité haitatawalika kwa fimbo peke yake. Tarehe 23 ya mwezi wa 11 mwaka 1931 ilitoka dekreti ya kuunda centres extra-coutumiers, yaani vituo vilivyo nje ya desturi. Mwaka uliofuata Elisabethville ikapata kituo chake. Ndani yake mulikuwa shefu mweusi wa kituo, baraza la washauri, korti ndogo ya kuhukumu mambo ya ndoa, deni na magomvi, pamoja na kisanduku cha kodi. Juu yao alikaa mzungu wa Leta. Shefu na washauri waliwekwa naye, na neno la mwisho lilikuwa lake.

Hata hivyo tusidharau kituo kile. Katika korti ile majaji weusi walipaswa kumhukumu Muluba na Mubemba, Mulunda na Mukusu, kila mmoja akidai desturi ya kwao. Mahari irudishwe ao isirudishwe? Mtoto ni wa baba ao wa ukoo wa mama? Kwa kuwa hakuna desturi moja iliyotosha, majaji walitafuta njia ya katikati, na polepole ikazaliwa desturi ya mji. Ferdinand Grévisse, mtawala Mbelgiji aliyefahamu kituo hicho vizuri, alikiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1951. Jina lile "nje ya desturi" halikuwa sawa hata kidogo. Watu hawakuwa nje ya desturi. Walikuwa wakitengeneza nyingine.

Wakati uleule mji ulipanuka. Kenya ilikuwa imeanzishwa karibu na mwisho wa miaka ya 1920. Toka mwaka 1950 Katuba ikajengwa, kisha Ruashi. Cité Albert, iliyokuwa kubwa machoni pa watu wa 1921, ikawa sasa ndogo, imebanwa pande zote. Ndiyo sababu mpaka leo Kamalondo ni komine ndogo kuliko zote.

Kura ya mwaka 1957

Tarehe 26 ya mwezi wa 3 mwaka 1957 ilitoka dekreti mpya juu ya miji. Cité zikawa komine, kila moja na baraza na bourgmestre wake. Mwezi wa 12 mwaka uleule watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, yaani Likasi ya leo, waliitwa kupiga kura. Walikuwa wanaume tu. Mama zetu hawakuhesabiwa. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu mweusi wa mji kuulizwa: unataka nani akutawale?

Jibu la kura lilitikisa Katanga. Mabourgmestre weusi waliopatikana Elisabethville, wengi wao walikuwa watu wa asili ya Kasai. Haikuwa ajabu sana: watu wa Kasai walikuwa wengi katika cité, wengi wao walikuwa wamesoma, tena vikundi vyao vilikuwa na nguvu. Lakini watu wenye asili ya Katanga walijiuliza: je, tutatawaliwa na wageni katika udongo wetu? Mwaka 1958 wakaanzisha Conakat. Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri, na baadaye Moïse Tshombe. Wazungu wa Katanga, ambao hawakutaka kupoteza mamlaka, waliona humo njia ya kujitetea, wakautia moto mafuta.

Mambo yaliyofuata tunayajua. Tarehe 11 ya mwezi wa 7 mwaka 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na hali hiyo ikadumu mpaka mwezi wa 1 mwaka 1963. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Baluba, walikimbia nyumba zao humu mjini wakaenda kujificha katika kambi iliyolindwa na askari wa ONU. Hawakukimbia pori wala jeshi la mbali. Walikimbia avenyu zao wenyewe, ambako jirani alikuwa amekuwa hatari.

Hapa wengine husema: "Muliona? Kura ya 1957 ilileta damu." Kwetu fikra hiyo si sawa. Kilicholeta shida si watu kuulizwa. Ni kwamba waliulizwa mara moja tu, ghafla, kisha miaka 36 ya kutoulizwa tangu 1921. Kwa muda huo wote Leta ilimwandika kila mtu kwa kabila yake, ikampa kazi ao kumnyima kwa kabila yake, kisha ikashangaa kwamba alipiga kura kwa kabila yake. Tena hakuna aliyekuwa ameeleza mbele ya kura ni nani mwenyeji wa mji: yule ambaye babu yake alizikwa katika udongo huu, ao yule anayelipa kodi na kulea watoto humu? Swali liliachwa bila jibu, na swali lisilojibiwa katika baraza linajibiwa kwa panga.

Komine, zone, komine tena

Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi. Baadaye mkoa wa Katanga ukaitwa Shaba, na inchi ikawa Zaïre. Chini ya Mouvement Populaire de la Révolution, komine zikaitwa zone, na mkubwa wa zone alikuwa vilevile mkubwa wa chama. Hata pale watu walipoitwa kupiga kura, chama kilikuwa kimoja. Kila kartie ilikuwa na mkubwa wake, kila avenyu na wa kwake, na siku ya posho wote walitoka kwa salongo: kukata majani, kuzibua mifereji. Wazee wengine wanaitamani salongo ile kwa sababu mji ulikuwa safi. Ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba habari zilipanda toka avenyu kwenda juu, na amri zilishuka toka juu kwenda avenyu. Hapakuwa njia ya tatu.

Swali la mwenyeji lililolala tangu 1963 liliamka upya. Kuanzia mwaka 1992, wakati wa gavana Kyungu wa Kumwanza, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu mengi, zaidi katika Likasi na Kolwezi. Walilala wiki nyingi katika stesheni wakingojea treni, na wengi walikufa pale ao katika njia. Kati yao walikuwa watu waliozaliwa hapa, wasiojua Kasai ilivyo.

Nayo nguzo ya kampuni ikaanguka. Union Minière ilikuwa imetwaliwa na Leta mwaka 1967, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Katika miaka ya 1990 ilidhoofika, na mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa ule mpango ulioitwa "départs volontaires". Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi ameandika vizuri juu ya hao Bana Shaba walioachwa na baba yao. Na baba huyo alikuwa kampuni. Toka hapo watu wa kambi, ambao kwa miaka mingi mkubwa wao alikuwa kampuni, walijikuta wanapaswa kwenda kugonga mlango wa komine sawa wengine wote.

Sheria ya leo na avenyu ya leo

Baada ya 1997 jina la zone likaachwa, komine ikarudi. Lubumbashi ina komine saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba mji, komine, sekta na chefferie ni mamlaka zinazojitawala, na sheria ya tarehe 7 ya mwezi wa 10 mwaka 2008 inaeleza namna. Komine ina kisanduku chake. Washauri wa baraza wanachaguliwa na watu wote, wanaume kwa wanawake. Baraza ndilo linapaswa kumchagua bourgmestre na msaidizi wake. Tena sheria inasema sehemu ya pesa zinazorudi mkoani ishuke mpaka kwa mamlaka hizo za chini.

Sheria ilikuwa nzuri, lakini kwa miaka 15 hapakuwa kura ya baraza. Mabourgmestre waliendelea kuteuliwa toka juu, wakibadilishwa toka juu. Ni tarehe 20 ya mwezi wa 12 mwaka 2023 tu ndipo watu wa komine za miji mikuu ya mikoa, na Lubumbashi ikiwamo, walipopiga kura ya kuchagua washauri wa komine. Tuhesabu pamoja: toka 1957 mpaka 2023 ni miaka 66. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kura ya kwanza alikuwa tayari mzee.

Na chini ya komine? Kartie haina baraza wala kisanduku mbele ya sheria. Shefu wa kartie anateuliwa. Shefu wa avenyu ndiye wa chini kabisa, lakini ndiye tunayemwona kila siku. Ukitaka karatasi ya kuonyesha unakaa wapi, unaanza chini kwa wakubwa hao. Mgeni akilala kwako, ni vizuri shefu ajue. Kukiwa kilio, anapita na daftari la mchango. Kukiwa mwizi, ndiye anayeamshwa usiku. Wengi wao wanaishi kwa zawadi ndogo za watu, na hapo ndipo shida inapoanza: asiye na mshahara toka juu wala kura toka chini atajibu kwa yule mwenye pesa. Vilevile huko pembezoni, katika Annexe, ambako mji unaingia katika udongo wa Kaponda, mtu anaweza kununua parsele kwa mmoja kwa jina la desturi, kesho akakutana na mwingine mwenye karatasi ya Leta. Mpaka ule uliochorwa mwaka 1910 kati ya desturi na mji haujafungwa mpaka leo.

Neno la mwisho

Tumeona kwamba jina la mahali petu limebadilika mara nyingi: cité, kituo, komine, zone, komine. Majina yote yalitoka juu. Kile kilichotoka chini ni kingine: mbeni, likelemba, kilio, korti ya wazee, Kiswahili chetu, na ile tabia ya kumwuliza mtu avenyu yake mbele ya kabila yake. Hiyo ndiyo desturi ya Lubumbashi. Ni ya kweli sawa desturi ya Balamba ao ya Baluba, ijapokuwa ni changa, nayo inastahili kulindwa na vikundi vya utamaduni.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. La kwanza: tujue washauri tuliowachagua, tuwaulize pesa za soko na za parsele zinakwenda wapi, si siku ya kampeni tu. La pili: tuandikishe watoto wetu kwa komine ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, kama sheria inavyotaka, ili wasibaki na karatasi ya ubatizo peke yake sawa babu zao. La tatu: kila avenyu iandike historia yake. Nani alijenga parsele ya kwanza, bomba la maji liliwekwa mwaka gani, nani alisuluhisha magomvi, nani alifukuzwa na nani alimficha. Ndiyo, hata hilo la mwisho liandikwe, maana katika 1961 na katika 1992 wako watu waliowaficha majirani zao chini ya kitanda, na majina yao yanapotea mwaka kwa mwaka.

Wazee wanasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Kamalondo wameshika jembe kwa miaka zaidi ya mia moja. Wakati umefika wa kuacha kuwauliza walitoka wapi, na kuwauliza wanataka komine yao iongozwe namna gani.